Fundi Aliyenyongwa kwa Mfuko wa Koti

Wewe uliyeguna huko nyuma ukamnong'oneza mwenzako kwamba serikali hainyongi mtu bure, funga mdomo usikilize, maana shangazi wa marehemu ameuandika wasifu huu wa mazishi mwenyewe, kwa elimu yake ya darasa la saba, na anausoma mwenyewe, na hakuweka hata neno moja la kukufurahisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mama yake akafariki yeye bado ananyonya, shangazi akamchukua na kumlea pamoja na ukorofi wake wote. Shuleni hesabu zilimshinda, ila sare za wenzake zikichanika alizishona yeye, na mwaka 1982 akafungua kibanda chake cha ushonaji mtaa huu huu, kinachotazama kituo cha mafuta. Alioa mwaka 1988, akapata mabinti wawili, hawa waliokaa mbele, na mkewe alizoea kulalamika kwamba ameolewa pamoja na cherehani.

Kazi yake mnaijua. Kila mfuko alioushona alikaza pembe zake kwa uzi wa viatu, na nguo hizo mmezivaa, wengine mmezivaa hata leo. Mwaka 1991 mwenye duka la vyombo alikutwa ameuawa, mkononi ameshika mfuko wa koti ulionyofolewa, pembeni una uzi wa viatu, basi polisi wakaenda moja kwa moja kwa aliyeushona, hawakuuliza nani alilivaa koti, na jaji naye akaona inatosha. Mkewe alipita nyumba kwa nyumba akiomba mtu mmoja tu aje mahakamani na shati lake, aonyeshe kwamba mtaa mzima una mifuko ya namna ile, mkamjibu, shemeji, hayo mambo ya serikali, sisi tuna watoto. Kana kwamba yeye alikuwa na mbuzi.

Hapa kwa kawaida husomwa ugonjwa. Marehemu hakuugua, alikuwa mzima kabisa tarehe 14 Juni 1994 walipompima uzito ili wajue urefu wa kamba, wakamnyonga asubuhi, wakamfukia nyuma ya gereza, familia ikasikia redioni. Mwaka huu shemeji wa yule mwenye duka, akiwa anakata roho hospitalini, alikiri kwamba koti lilikuwa lake na mauaji yalikuwa yake, ndipo tukarudishiwa mifupa.

Familia inamshukuru muuguzi aliyemsikia, akatishiwa kufukuzwa kazi, na bado akasema. Inawashukuru waliochimba kaburi. Majirani, leo viti havikuwatosha, lakini siku ya hukumu benchi letu lilikuwa na mjane na shangazi peke yao, kwa hiyo shukrani zenu mkazidai kwingine. Na ofisa aliyetumwa kuja kusoma pole ya serikali, hiyo pole arudi nayo ofisini.

Lala sasa, mwanangu, leo wamesikia wote kwamba hukuua. Shangazi amemaliza, hangoji hotuba ya ofisa, anatoka na mjane na mabinti, na mlango wa ukumbi anaufunga yeye mwenyewe.