Geti Lilikuwa Wazi

Asifiwe Bwana aliyenisikia nikilia kwenye jaruba la mpunga, wakati wenzangu upande wa pili wa ukuta wamekatazwa kunisikia!

Ndugu zangu, nilikuwa nimelala kwenye tope nyuma ya uwanja wa mjini, siku ya fainali. Goti la kulia limegeuka, linaangalia kusiko kwake. Kitambaa cha ukapteni kiko mkononi. Kati yangu na timu yangu kuna ukuta wa tofali tu. Nikaita, "Jamani, nimevunjika! Jamani!" Nikamsikia mwenyekiti wetu, Mzee Ambakisye, wala hakuwa mbali: "Msigeuke! Atakayegeuka ameharibu dawa!" Filimbi ikalia. Mechi ikaanza bila mimi.

Sasa nirudi nyuma mnielewe. Nimeandika niwasomee hapa kanisani kwa sababu nikisimama kusema tu nitalia, na mimi shule niliishia darasa la tano. Mkikuta makosa, yapiteni.

Mimi ni Sekela, mtoto wa hapahapa Mbugani. Mpira nilianza kuchezea majarubani baada ya mavuno, mpira wa mifuko na kamba za mgomba, mabua ya mpunga yanatuchoma nyayo. Mama alikuwa akinifokea, "Sekela, ukivunjika nani atakuoa?" Lakini ilipoanzishwa timu ya wanawake nikachaguliwa kapteni, ni yeye huyohuyo aliyechana kanga yake akanishonea kitambaa cha mkono. Alichagua kipande chenye ua jekundu ili refa asinikosee. Nimekivaa mpaka ua likawa jeupe.

Nilikuwa kapteni tangu usichana mpaka nikaanza kuitwa bibi. Mwanangu wa kwanza nilimnyonyesha wakati wa mapumziko huku kocha anapanga mabeki. Wasichana walikuja, wakaolewa, wakaondoka, mimi nipo. Mashabiki wa wapinzani wanapiga kelele, "Bibi, nenda nyumbani kalee wajukuu!" Nami nawajibu, "Si ndio nimekuja kuwalea nyie!" Wanacheka, mimi natoa pasi.

Katika hao wote kulikuwa na Bupe, winga wetu kutoka Talatala. Mwembamba kama ufito, ana mbio, na mwoga wa radi ajabu. Kabla ya kila mechi nilimsuka nywele, maana mikono yake ilitetemeka. Aliniita Mama Kapteni. Ndizi za kwangu alizila kuliko wanangu.

Sasa tuseme ukweli, tuko nyumbani mwa Bwana. Nani hapa haijui kamati ya ufundi? Ndiyo ile inayokaa kabla ya mechi kubwa, na ufundi wenyewe haiuzungumzii hata kidogo! Siku ya fainali timu haipiti getini. Eti geti limetegwa na wapinzani. Mnapanda ukuta kama wezi wa kuku. Na safari ile akaletwa mtaalamu wa dawa. Mzee Ambakisye akatuambia mtu huyo ametoka ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Uongo! Alikuwa fundi baiskeli wa hapo Ngana tu. Bupe alimtambua, akaninong'oneza, "Mama Kapteni, huyu si ndiye aliyeziba pancha ya baba?" Tulicheka kwa kujificha. Tulicheka, ndugu zangu, na bado tukatii. Masharti yalikuwa haya: wachezaji watangulie, kapteni aje wa mwisho kufunga njia, asishikwe na mtu, na aliyekwisha kutua ndani asigeuke.

Masika ilikuwa imeulowesha ule ukuta. Wenzangu wote walikwisha kuingia. Nikakanyaga kreti la soda, nikajivuta. Kocha Lusajo alikuwa amekaa juu, akanipa mkono, akanishika vizuri kabisa. Mzee Ambakisye akapiga kelele kutoka ndani, "Mwachie! Kapteni hashikwi!" Lusajo akafungua vidole. Mwanaume mzima, akafungua vidole! Tofali likang'oka, nami nikaenda nalo.

Pale kwenye tope, filimbi ilipolia, nikasema: Kyala, Mungu wangu, kama hawa hawageuki, geuka wewe.

Akageuka! Nikasikia kishindo pembeni yangu. Ni Bupe. Alikuwa ameacha uwanja, akaparamia ukuta na viatu vyake vya mpira, akanirukia topeni. Akakipakata kichwa changu. Akaniuliza, "Mama Kapteni, nimegeuka. Sasa tutafungwa?" Nikamwambia, "Tufungwe, mwanangu." Radi ikapiga juu yetu, wala hakushtuka.

Bwana hakuishia hapo. Katika njia ya majarubani alikuwa anapita Dada Mwanaidi, nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, Mwislamu safi, anakwenda zamu. Aling'oa fito kwenye uzio, akanifunga mguu kwa kanga yake, wakanibeba yeye na Bupe.

Timu ilifungwa. Mzee Ambakisye akasimama mbele ya watu akasema kapteni ameuza mechi. Kwamba nilijiangusha makusudi, na Bupe nilimtuma avunje dawa. Bupe akafukuzwa, mtoto ambaye miguu yake ingemfikisha mbali. Watu walioniimba wakaacha kunisalimia sokoni. Mama yangu amekufa huku wanawake bombani bado wanamuuliza kama kweli bintiye aliuza mechi.

Nikakaa ndani na magongo yangu na nyongo yangu. Sikutaka kuusikia mpira hata kwenye redio! Dada Mwanaidi ndiye aliyekuwa anakuja kuninyoosha goti. Siku moja akaniuliza, huku anapaka mafuta, "Hivi Kapteni, geti siku ile lilikuwa limefungwa?"

"Hapana. Lilikuwa wazi."

"Nani walikuwa wanapita?"

"Watu wote. Wauza karanga. Kina mama na watoto mgongoni."

"Kuna aliyedhurika?"

"Hakuna hata mmoja." Halafu nikacheka mpaka goti likauma, kicheko kikageuka kilio. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua! Si kwenye mkutano mkubwa, si kwa kipaza sauti. Kwa swali la mtu ambaye hasali nasi. Ile kamba nyeusi ya dawa waliyonifunga kiunoni siku ya fainali, ambayo nilikuwa bado naivaa kwa woga, niliikata palepale nikaitupa jikoni kwenye moto. Haikulia, haikufanya chochote. Ilinuka kama kamba inayoungua.

Leo nafundisha mabinti wa Talatala mpira, na msaidizi wangu ni Bupe. Anauza samaki sokoni, mtoto mgongoni, akimaliza anakuja mbio. Mashindano yaliyopita tulifika kwenye uwanja uleule. Wale mabinti wakasimama mbele ya geti, hawaendi. "Mama, sisi tunapandia wapi?" Moyo uliniuma. Hawakuwepo enzi zetu, lakini woga wetu wamerithi. Nikashika fimbo yangu, nikatanguliza ndani mguu huuhuu mbovu. "Njooni." Wakaja wameshikana jezi, kama vifaranga. Na Bupe alikuwa wa mwisho, anatembea kinyumenyume, anaangalia nyuma makusudi, asibaki mtu. Tulifungwa bao moja, tukatoka kwa geti lilelile tunaimba.

Ndaga fijo, Kyala! Asante sana, Mungu! Na wewe unayesoma au kusikia, uliyefungwa na masharti ya watu, mtegemee Yesu. Hana kamati. Kwake hakuna ukuta wa kupanda, na ukianguka anakushika hata wakisema usishikwe.

Lakini sijamaliza. Kocha Lusajo alikuja kwangu, akaliwekea mkono goti hili, akalia kama mtoto. Yake yamekwisha. Mzee Ambakisye, wewe umekaa benchi la tatu, karibu na dirisha, na kitabu cha nyimbo mkononi. Mguu nimekusamehe. Jina langu na la Bupe ulilichafua mbele ya watu, na mbele ya watu nataka ulisafishe. Bupe yupo hapa, nyuma yako, na mtoto wake. Geuka umtazame. Kisha utuambie: siku ile uliisikia sauti yangu, au hukuisikia?

Mimi nakaa chini. Jibu, mzee.