Nzuki Musyoka, Aliyekataa Kuwatoa Watu Milimani

Mchungaji wetu, wazee, akina mama, vijana, na wageni mliotoka Kitui, Nunguni, Kibwezi na Nairobi, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni Mutie Musyoka, kitinda mimba wa nyumba hii na mdogo wake marehemu, na familia imeniteua niwasomee maisha yake kwa sababu, walivyosema wenyewe, miaka thelathini ya ualimu imenizoesha kuongea mbele ya watu bila kuulizwa. Mchungaji amenipa dakika kumi, nami nimemwahidi kwamba nitajaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Kalamba, palipokuwa wilaya ya Machakos wakati huo na leo ni Makueni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Musyoka na marehemu mama Kalunde, na alikulia kwenye kilima hiki tulichokalia, uso wake ukielekea Mlima Nzaui kila asubuhi alipotoka nje. Akiwa mchungaji wa mbuzi alipoteza wawili kwa siku moja, kwa kuwa alikuwa akitazama jinsi kivuli cha wingu kinavyopanda mlimani, na baba, ambaye hakuwa na habari na vivuli vya mawingu, alimchapa. Alianza masomo katika shule ya Kalamba Januari 1947, akafika darasa la nane mwaka wa 1954, na hapo masomo yakakoma kwa sababu kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa baba.

Mwaka wa 1956 alikwenda Nairobi, akapata kazi ya kufagia jumba moja la sinema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza maswali mpaka achoshe, fundi wa mashine ya kuonyeshea picha alimfundisha kuiendesha ili apate kunyamaza. Tarehe 2 Mei 1961 aliajiriwa na ofisi moja ya filamu, akatumwa Kitui kuzunguka na gari la sinema pamoja na dereva wake, Bwana Abdulkadir Shee, ambaye yuko nasi leo, ameketi pale mbele, naye alitoka Kitui alfajiri bila kujali goti lake. Kwa miaka saba wawili hao walipeleka picha Mwingi, Mutomo na kila soko lenye ukuta mweupe, na marehemu alikula na kulala nyumbani kwa Bwana Abdulkadir na mkewe Bi Shufaa kama mtoto wa pale, hata akarudi Kalamba akilalamika kwamba sisi hatujui kupika wali.

Katika safari hizo ndipo alipopata jambo lililomshika maisha yake yote. Filamu walizopewa zilionyesha milima ya nchi za mbali, theluji, mito mipana, ng'ombe wanene ajabu, naye alisimama kando ya ukuta akieleza kwa Kikamba, na jioni moja Mutomo, mwaka wa 1966, mama mmoja mzee alimngoja amalize, akamuuliza, "Sasa Nzuki, hii milima yetu ni mibaya sana mpaka mashine inakataa?" Marehemu alituambia kwamba aliaibika, na tangu siku hiyo hakuacha kuwasumbua wakubwa wake mpaka wakampeleka kujifunza kamera mwaka wa 1968, na hatimaye, Novemba 1970, wakamkabidhi kazi aliyoililia, ya kutengeneza filamu ya kuonyesha nchi yetu kwa wageni, kuanzia mwamba wa Nzambani kule Kitui, kuvuka Yatta, kupanda Mbooni na Nunguni, kushuka Nzaui, na kuishia Kibwezi mahali milima ya Chyulu inapoonekana.

Alichagua mwezi wa Desemba, mvua ikiwa imenyesha vizuri na nchi yote iko kijani, na alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa sisi. Habari zilimtangulia. Kanisani Nunguni ilitangazwa baada ya mahubiri kwamba kamera inapita Jumatano na kila mtu awe safi, na kwa kuwa kamera tuliyoijua wakati ule ni ile ya studio, ambapo unavaa nguo ya Jumapili, unanyoosha mgongo, unaambiwa usitingishike, basi kila alipotega mashine yake kuchukua mlima alikuta watu wameshajipanga mbele yake kimya, wamejipaka mafuta, wamefunga vifungo mpaka shingoni, hata kupepesa macho hawathubutu. Marehemu aliwasihi watembee, walime, wafanye chochote, kwa maana hii picha inatembea, nao waliitikia kwa heshima na kuendelea kusimama. Mzee Nzomo wa Nunguni alisimama na baiskeli yake na redio juu ya kiti cha baiskeli. Familia moja ya Mbooni ilibeba meza mpaka kileleni, na kitambaa chake cha kufuma, na birika. Hapa Kalamba kuna mtu, nami sitamtaja kwa kuwa ananitazama, aliyemwosha fahali wake kwa sabuni na kusimama naye mpaka filamu ikaisha ndani ya kamera.

Alipofika chini ya Nzaui alikuta msichana wa miaka ishirini, Ndila, amesimama na baba yake ukingoni mwa shamba lao, katikati kabisa ya mahali alipotaka mlima uonekane, akamwomba kwa upole asonge kando kidogo, naye Ndila akamwambia, "Hapa ni kwetu. Mlima nao uko hapo nyuma. Kama hautoshei, si wewe ndio usonge?" Marehemu akasonga. Alirudi nyuma na kamera yake mpaka wote wakatoshea, Ndila, baba yake na mlima mzima, na alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na kwamba aliyempangia alikuwa msichana ambaye hajawahi kushika kamera. Walifunga ndoa takatifu tarehe 21 Agosti 1971 katika kanisa hili la Kalamba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kalunde aliyezaliwa 1972, Musyoka 1975, na Mbula 1979, na wajukuu wanne ambao mnawasikia huko nyuma.

Lakini kabla ya harusi kulikuwa na taabu, na nisipoieleza nitakuwa sijaeleza mtu tunayemzika. Februari 1971 wakubwa wake waliitazama ile filamu, wakaisifu milima, wakamwagiza aondoe watu wote, kwa kuwa wageni wanataka nchi tupu, nzuri, isiyoguswa, si watu waliojipanga kama wanaongoja kuhesabiwa. Marehemu alijibu kwamba nchi hiyo imeguswa, matuta yale yanayopendeza ubavuni mwa Mbooni yamechimbwa na mikono ya hao hao, na kwamba yeye hawezi kuwaambia watu wa kwao kuwa walivaa vizuri bure. Aliambiwa achague, akate au aache kamera. Aliacha kamera. Akapelekwa stoo kupanga makopo ya filamu, na huko akakaa miaka ishirini na miwili, mtu aliyekuwa na jicho kama lile, na mimi kama ndugu yake nasema hadharani kwamba liliniuma, na kwamba wakati huo nilimwona mjinga, nikamwambia hivyo, naye akanicheka akaniongezea chai.

Mwingine aliikata ile filamu, ikabaki milima peke yake, ikasafiri ng'ambo na kusifiwa sana. Marehemu aliomba ruhusa ya kuchukua vipande vilivyotupwa sakafuni, akapewa, kwa kuwa vilikuwa takataka, na kwa miezi mingi, kila Jumamosi, aliviunganisha kwa gundi, kipande kwa kipande, mpaka akapata filamu nyingine kabisa, ya watu tu waliosimama, kila mmoja na mlima wake mgongoni. Desemba 1973 Bwana Abdulkadir alileta mashine, wakaionyesha ukutani mwa duka sokoni Kalamba, na ninyi mliokuwapo mnakumbuka kwamba hakuna aliyesikiliza maelezo, kila mtu alikuwa akiita majina, huyo ni mama, huyo ni Mbula wa kwa fundi, yule ni baba na kofia yake. Baadaye aliipeleka Nunguni, Mbooni, Kibwezi, kote alikopita, bila kulipisha mtu. Mwaka wa 1984, njaa ilipotukalia na watu wa kamera wakaja kutoka mbali kupiga picha udongo mtupu na mifupa ya ng'ombe, wananchi waliopanga foleni ya mahindi ya msaada walimtumia ujumbe aje, naye akaja, akawaonyesha Nzaui ikiwa kijani, na baba zao wamesimama mbele yake wameshiba, na mzee mmoja aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipoamua kutouza shamba lake.

Alistaafu tarehe 30 Juni 1993, akarudi nyumbani kulima maembe na kugombana nami kuhusu mpaka, ugomvi tulioufurahia wote wawili. Mwaka wa 1995 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa wilayani na Nairobi, lakini mwili uliendelea kudhoofika na mikono ikaanza kutetemeka. Julai mwaka huu kijana mmoja wa ofisi ile ya zamani, Bwana Jonah, aliyesikia habari zake huko stoo, alikuja na kopo la ile filamu iliyokatwa, kwa kuwa walikuwa wanaondoa filamu kuukuu na aliruhusiwa kulichukua, akamuuliza kama vile vipande bado vipo. Marehemu alimtuma Kalunde chini ya kitanda akavitoe. Kwa wiki tatu binti yake aliunganisha na baba akielekeza kutoka kitandani kwake, hapana, huyo ni wa Mbooni, huyo ni kabla ya mawingu, akikumbuka mahali pa kila mmoja, mpaka watu wote wakarudi milimani.

Jumamosi tarehe 30 Agosti tulimbeba kwenye kiti hadi kanisani, mchana, tukaziba madirisha kwa mablanketi, na filamu nzima ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tangu ilipokatwa. Ilikuwa ya ajabu, naomba mniamini, kwa maana tulikuwa tumezoea kuona wale watu peke yao, na sasa nchi ilifunguka, Nzambani, Yatta, mabonde yote, na kila ulipofikiri ni mlima tu, mtu wako akatokea mbele yake. Majina yakaitwa kama zamani, ila wengi wa walioitwa wamekwisha kulala. Ndila alipojiona na baba yake alifunika mdomo kwa leso. Filamu ilipokwisha shemeji yangu Kaluki, anayesema chochote kinachomjia, alimgeukia marehemu akamwambia, "Lakini Nzuki, tumeona watu wote. Wewe mwenyewe hatujakuona hata mara moja." Na marehemu, kwa sauti ndogo aliyokuwa amebaki nayo, akasema, "Hao wote walikuwa wanaangalia nani?"

Hali yake ilibadilika tarehe 15 Septemba, tukamkimbiza hospitali, na Alhamisi tarehe 18 Septemba 1997, saa kumi na moja alfajiri, Ndila akiwa amemshika mkono, alituacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili bila kuchoka na maswali yake, majirani wa Kalamba mliochota maji na kupika tangu Alhamisi ile, Bwana Abdulkadir na Bi Shufaa waliomlea ugenini, Bwana Jonah aliyeokoa kopo, wenzake wa kazini, kanisa, na ninyi mliotoka mbali kote alikopita na kamera. Picha ya marehemu mliyoiona juu ya jeneza ni ya kitambulisho, tumetafuta nyingine hatukupata, na wiki hii nimesikitika sana kwa ajili hiyo, mpaka jana, Kalunde aliponiwekea ile filamu tena, nikaitazama bila kuangalia milima wala nguo, nikaangalia macho tu. Wamesimama wima, wamemkazia macho mtu mmoja, na baadhi yao, ukichunguza, wanajizuia kucheka, kwa kuwa bila shaka alikuwa amewaambia kitu.

Kaka yangu, hapa pia tumesimama, tumevaa, na hakuna atakayetuambia tusonge. Tunakuangalia wewe. Pumzika kwa amani.