Mwalimu Omana na Daraja la Rupia Mia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, chai iwe karibu. Leo tunamkumbuka Omana, mwalimu mstaafu wa kisiwa cha Manjathuruthu, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na sita. Mnamjua kwa sauti. Ndiye aliyekuwa akija studio hii kila mwaka, siku ya pili baada ya bajeti ya jimbo kusomwa, kutueleza fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Aliingia na kile kitabu kinene kifuani, kama aliyebeba mtoto mchanga. Na ole wako mtangazaji usiyejua nakisi ni nini!

Hakuanza na bajeti. Alianza na mume.

Manjathuruthu ni kisiwa cha mtoni. Nyumba mia tatu, mtumbwi mmoja. Mumewe, Gopinathan, kondakta mstaafu wa basi, figo zilikuwa zimefeli. Mara tatu kwa wiki ilibidi avuke mto kwenda kusafishwa damu. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, masika na kiangazi. Mwalimu alikaa nyuma yake mtumbwini akimshikia mwavuli, na mkono mwingine ukimshika kiuno asianguke.

Sasa, miaka kumi na miwili iliyopita, waziri wa fedha alisimama bungeni akasoma orodha ya madaraja. La Manjathuruthu likatajwa. Jina tu, wasikilizaji, sekunde mbili. Kisiwa kikalipuka! Fataki, ngoma, vitamutamu vya ladu. Kuttappan, karani mstaafu wa ardhi na mwenyekiti wa kamati ya daraja, alimtia ladu mdomoni kila aliyepita, hata wa chama pinzani.

Mwalimu Omana hakula. Alikwenda maktaba ya kijiji, alikokuwa mtunzaji, akasubiri kitabu cha bajeti kifike. Kilipofika akapekua mpaka akaliona daraja lao. Mbele ya jina: rupia mia moja. Nasema tena: rupia mia moja. Akadhani sufuri zimekatwa. Akarudi juu ya safu, akasoma maelezo kwa kidole. Hapana. Ni mia, ile mia ya kununulia mihogo na samaki.

Binti yao, Sindhu, alikuwapo mama yake alipofika nyumbani. Anakumbuka hivi.

"Mama Sindhu, daraja limo?" baba aliuliza kutoka kitandani.

"Limo."

"Kiasi gani?"

Mama angeweza kusema chochote. Mgonjwa asingekwenda kukagua.

"Mia moja, Baba Sindhu."

"Krori mia?" Krori moja, wasikilizaji, ni rupia milioni kumi.

"Rupia mia."

Gopinathan alicheka mpaka akakohoa. "Wametuwekea leso kwenye kiti cha basi! Abiria mwenyewe hajulikani atapanda lini." Kisha akauliza, "Umewaambia huko nje?"

"Bado. Wanalipua fataki. Nitawaharibia."

"Kawaambie. Mimi umeniambia, na mimi ndiye ninayeumwa."

Akaenda. Akawaambia kwamba mia ile ni ya kushikilia nafasi tu, jina la daraja lisifutike kitabuni. Fedha za kujenga hazimo. Akaeleza na sababu. Katika kila rupia mia iliyoingia serikalini mwaka ule, kwa hesabu yake, sitini na kitu zilikuwa zimeshaondoka kwenye mishahara, pensheni na riba ya madeni ya zamani. Matumizi yakizidi mapato, pengo linazibwa kwa kukopa. Pengo hilo ndilo nakisi. Na kukopa kuna kikomo cha sheria. Kikomo kikifika, daraja linabaki na mia.

"Kwa hiyo pensheni yangu ndiyo imekula daraja?" Kuttappan akafoka.

"Kipande chake, ndiyo. Na yangu pia."

"Mwalimu, wewe una roho mbaya! Watu wamefurahi siku moja tu, siku moja, umeshindwa kuvumilia?"

Wakamsusa. Maktaba ikabaki na nzi. Aliyeendelea kumsalimu kwa tabasamu ni mwenye mtumbwi peke yake, na tunajua kwa nini.

Masika ya mwaka uliofuata, Gopinathan alifariki gatini, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, mtumbwi ukiwa ng'ambo. Mtumbwi ulikuwa ng'ambo, wasikilizaji.

Baada ya siku arobaini na moja za matanga, Mwalimu alifungua maktaba Jumamosi akaita wanawake. Walikuja wanne. Akawafundisha kusoma kitabu cha bajeti. Mwaka baada ya mwaka, mia, mia, mia. Kila mbunge wao aliposema "daraja limo", wanawake walijibu kwa pamoja, "Rupia ngapi, mheshimiwa? Tutajie hesabu!" Mwaka wa nne Kuttappan naye akaja, akakaa nyuma, hakuomba radhi. Mwalimu alimpa miwani yake ya akiba.

Bajeti ya saba ikaja na krori kumi na nane. Yaani rupia milioni mia moja na themanini. Watu wakamgeukia Mwalimu kabla ya kushangilia.

"Zimo kweli," alisema. "Ni za mkopo. Wajukuu watalipa. Lakini wajukuu ndio watakaopita juu yake. Ubaya ni kukopa kwa ajili ya karamu ya jana."

Ndipo fataki zikalia.

Siku daraja lilipofunguliwa, Mwalimu alisubiri wakubwa waondoke. Akavuka kwa miguu, saa mkononi, Sindhu nyuma yake. Alipofika ng'ambo akasimama, akaitazama ile saa, akasema taratibu, "Dakika nne, Baba Sindhu. Dakika nne tu." Akaketi kwenye ukingo, akalia kama siku ya msiba.

Kwa Sindhu, kwa wajukuu, na kwa watu wote wa Manjathuruthu, poleni sana. Tumempoteza mtu aliyetupenda kiasi cha kutuambia ukweli tulipokuwa tunacheza ngoma.

Nasi tujiulize: nani nyumbani kwetu tunamnunia kwa sababu alisoma nambari ambayo sisi hatukutaka kuisoma?

Bajeti itasomwa Ijumaa hii. Kuttappan anasema ataisoma mwenyewe pale maktabani, safu kwa safu. Ana miaka themanini na moja. Anaomba wenye macho mazuri waje wakae karibu naye, na asipoielewa vizuri, wamwambie hapohapo.