Udongo Mweupe wa Earline Narcisse

Dola elfu saba na mia tano, ndugu waombolezaji, ndizo zilizoletwa asubuhi hii na kiwanda hiki jirani yetu ndani ya bahasha, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba ushahidi wa dada yangu hautasomwa tena Washington, na Shemasi Prosper, aliyekaa pale mbele, akaniambia, "Alcide, saini bwana, jeneza halilipwi kwa hasira," nikamjibu, "Saini wewe, shemasi, halafu uingie humo wewe." Akaniomba basi historia hii ya marehemu isomwe kimyakimya, kila mtu na karatasi yake, kinanda kikipigwa, kama tulivyozoea kanisani hapa. Leo hapana. Leo mtanisikia.

Marehemu Earline alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, hapa Honoré Bend, Louisiana, katika ardhi waliyoinunua babu zetu walipotoka utumwani, akasoma shule ya watu weusi ya hapa hapa, kisha sekondari ng'ambo ya mto, akahitimu Mei 1969, na Septemba mwaka huohuo akaajiriwa kuwa mpishi wa shule ya msingi, kazi aliyoifanya miaka thelathini na nane bila kuchelewa hata siku moja, na anayesema naongopa asimame.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Wilfred Narcisse, wakajaliwa watoto wawili, Yvette na Lionel.

Mwaka 1974, kimbunga kilipozoa nyua zetu, kiwanda kilitumwagia udongo mweupe, kumbe taka zake za sumu, malori kwa malori, bure, nasi tukaugombania, Earline akajaza mikokoteni kumi na moja, akapanda bamia juu yake, akawalisha wanawe, na madereva wale akawapikia sufuria nzima ya supu ya bamia na kaa kuwashukuru. Aliwashukuru, mnanisikia?

Wilfred alifariki kwa saratani ya figo mwaka 1998, Yvette kwa saratani hiyohiyo mwaka 2011, akiwa na miaka thelathini na nne, na tarehe 14 Novemba 2019 ikawa zamu ya Earline mwenyewe kuambiwa anayo. Daktari alimuuliza, "Mama, unaishi karibu na nini?" Akajibu, "Karibu na kanisa, daktari."

Hapo ndipo aliposikia habari za muswada wa shirikisho, wa kulazimisha viwanda vipime hewa na udongo wa majirani zao, na serikali itupime bure sisi weusi na wengine wote tuliozungushiwa sumu, akapanda basi hadi Washington dripu juzi tu imetolewa mkononi, wabunge wakampa dakika mbili, wakamzimia kipaza sauti alipofika kwenye jina la Yvette. Yaliyobaki aliyaandika kwa mkono, kurasa sita, na hayo ndiyo wenye kiwanda wanayotaka kuyanunua.

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Aprili 2023, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Baton Rouge, majirani waliokesha naye, na wapishi wenzake walioko jikoni sasa hivi. Lala salama, dada, umechoka kihalali.

Na wewe mheshimiwa mbunge, benchi la pili, usiangalie saa. Muswada huu uko kwenye kamati yako mwaka wa tatu. Upigiwe kura. Tutajie tarehe.