Gaudiosa Kokubanza na Punje Mbili za Kahawa

Marehemu Gaudiosa Kokubanza alizaliwa Buganguzi, Muleba, tarehe 3 Machi 1967, mtoto wa kwanza wa mzee Privatus Rutaihwa na mama Ephrasia. Mdogo wake Elieth, anayewasomea haya, alilelewa mgongoni kwake, kwa hiyo leo msimtarajie aongee kwa upole.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari Bukoba, na mwaka 1993 akahitimu saikolojia Dar es Salaam. Aliporudi na sanduku la vitabu, mama aliuliza, "Waitu, mwanangu, yote haya ni ya kusikiliza watu tu?"

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Mutalemwa wa Buhembe. Shemeji hulalamika kwamba kila akinuna aliulizwa hasira anaisikia wapi mwilini, akaishia kucheka.

Kuanzia 1995 alitibu watu kwa mazungumzo katika hospitali moja mjini Bukoba. Hakung'ang'ania njia moja. Asiyelala alimfundisha kupumua, mlevi alimwandikisha mawazo yake, aliyekosana na nduguze aliwaita wote wakae pamoja. Kabla ya kuanza alipasua tunda la kahawa, punje moja ya mgonjwa, moja yake. Wakishatafuna, siri imefungwa, kama wazee wetu walivyofunga urafiki.

Njia hiyo ya kuchanganya ina nguvu, maana humfuata mtu alivyo. Ina udhaifu pia, na marehemu hakuuficha. Mwaka 2017 mama mmoja wa Bumbire alifukuliwa majonzi ya utotoni na kuitiwa ukoo wake, yote wiki moja. Akanyamaza miezi mitatu. Marehemu alimwomba radhi, akaanza upya polepole, hatua kwa hatua. Mama huyo alipona na yupo hapa leo.

Lakini mwenzake mmoja kazini, muumini wa njia moja tu, alikuwa ameshawaandikia wakuu wa hospitali barua: "Huyu anapika makande kwenye vichwa vya watu." Mwaka 2018 marehemu akaondolewa kazini, na watu wa mjini wakamcheka.

Mwaka 2022 mwandishi wa barua alifiwa na mke. Njia yake moja haikumfaa kitu! Alimjia marehemu kwa siri, akipita migombani, nyuma ya nyumba, kila Alhamisi, mara kumi na tisa. Elieth alikuwa jikoni akimenya ndizi, akamwona.

"Dada, hata huyu unampa kahawa?"

"Mgonjwa wangu ni wangu, Elieth. Mwache."

Alitibiwa kwa makande yaleyale, akapona, akarudi kazini. Barua hakuifuta.

Agosti 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hata kitandani aliuliza, "Ameifuta?" Elieth alijibu bado. Alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, jina lake likiwa bado chafu.

Ameacha mume, watoto wawili, Isaac na Agnetha, mdogo wake Elieth, na mtu mmoja aliyekaa chini ya turubai hili, anayejijua. Jumanne tunaanua matanga. Alete barua ya kufuta barua, aisome mwenyewe, hapahapa, kwa sauti.

Dada, pumzika kwa amani, siri zako umekwenda nazo. Elieth hakutafuna kahawa na mtu yeyote.