Mzee Othmar Aweka Jembe Chini, Mama Siwema Hajaridhia

Mzee Othmar Kapinga, mchimba makaburi, mpiga kengele na mfyeka majani wa parokia yetu ya Lipingo, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja. Wengi aliowahudumia hawataweza kufika kwenye sherehe hii kutoa shukrani, kwa sababu zinazoeleweka. Basi sisi tulio bado juu ya ardhi tumeombwa tuseme kwa niaba yao.

Padri Dastan amenipa mimi kazi ya kuandika kwa kuwa nimechimba naye shimo moja kwa miaka tisa. Shule yangu iliishia darasa la saba, kule Kasulu, na mikono hii imezoea sururu kuliko kalamu. Lakini nimeambiwa niseme kweli, na kusema kweli hakudai cheti.

Mzee Othmar alizaliwa Ruanda, upande wa Mbinga, huko juu wanakolima kahawa na kuchimba ngolo, yale mashimo ya mlimani yanayozuia mvua isiteremshe udongo. Mtoto wa Kimatengo hushika jembe kabla hajashika kijiko. Alishuka huku ziwani akiwa kijana kwa kumfuata Mama Scolastika, ambaye alikataa katakata kupanda mlima kwa ajili ya mwanamume yeyote. Akaoa, akaomba kazi misheni. Aliulizwa swali moja tu, kama anajua kuchimba. Kesho yake alichimba kaburi lenye kina hata ikabidi iletwe ngazi ya kumtolea humo. Padri wa wakati ule alichungulia, akamwambia kwamba tunataka marehemu afufuke, hatutaki apotee njia.

Kwenye kengele alikuwa mwaminifu kuliko jogoo, isipokuwa mwaka mmoja. Jumamosi Kuu, mchana, alifunga kamba mpya, akaona aijaribu kidogo. Akanogewa. Kijiji kizima kikasikia kengele ya Pasaka, na watu waliokuwa wamefunga Kwaresima nzima wakafunua vyungu. Mpaka Padri anatoka mbio, nyama ilikuwa imeshashuka nusu ya njia. Jioni alitangaza kwamba kitoweo kilichokwisha kuliwa hakirudi chunguni, na kwamba Bwana atafufuka kwa wakati wake hata kama Lipingo nzima imeshiba.

Tena kuna hili la jembe. Mzee Othmar alikuwa na jembe moja. Asubuhi alichimbia kaburi, jioni alilisuuza ziwani akaenda kulimia mihogo. Mama Scolastika hakutaka kuliona ndani ya nyumba yake. Wanawake wa kwaya nao walikuwa wakimuuliza kama haogopi. Yeye akajibu kuwa kazi ni ile ile, unaweka kitu chini ya udongo, unafukia, unakwenda kulala ukitegemea. Wakamwambia kwamba mihogo angalau inatoka baada ya miezi, hao wengine bado tunawasubiri. Akasema ndiyo maana mihogo haina mahubiri. Halafu akawagawia, na wote wakala.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mzee mwenyewe aliniomba niliruke. Nimelifikiria ombi lake kwa heshima zote, nimelikataa.

Kwetu hapa marehemu hulazwa kichwa upande wa ziwa na miguu upande wa mlima, ili siku ya mwisho akiinuka awe anatazama mashariki, linakotoka jua, ambako tunafundishwa kumtazamia Bwana. Ni padri peke yake anayelazwa kinyume, ili akiinuka awatazame waumini wake. Wavuvi hawakuupenda sana utaratibu huu. Mtu amekula ziwani maisha yake yote, halafu anafufuka akiligeuzia ziwa mgongo. Lakini hakuna aliyeleta ubishi, mpaka Kwaresima ya miaka sita iliyopita, alipofariki Nathanieli.

Nathanieli alikuwa mvuvi wa usipa, vile visamaki vyetu vinavyovuliwa usiku kwa taa. Kwa hiyo Jumapili alifika kanisani wakati wa matangazo, akakaa nyuma, akalala. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye usingizi. Jeneza lake lilibebwa na wavuvi wenzake, na wavuvi wa hapa wana desturi yao: mtumbwi ukishavutwa mchangani hugeuzwa, mbele yake ikaelekea maji, tayari kwa safari ya kesho. Wakamshusha Nathanieli vivyo hivyo, akiinuka aelekee maji, miguu ziwani, kichwa mlimani, mikono yao ikifanya ilichozoea.

Aliyetakiwa kuwazuia ni Mzee Othmar. Lakini Mzee Othmar huimba sauti ya nne kwenye maziko, na akiimba hufumba macho. Mimi nilikuwa mgeni wa miaka mitatu tu kazini, nikadhani wenyeji wanajua wanachofanya. Alipofumbua macho tulikuwa tumeshafukia. Akachukua msalaba, akaenda kuusimika upande wa ziwa kama siku zote, ndipo mvuvi mmoja, Valentino, alipomwambia kwa upole kwamba hapo anauweka miguuni.

Halafu mtu mmoja kule nyuma akasema, "Basi Nathanieli amepata upadri." Watu walicheka, na msiba ni msiba. Mama Siwema, mjane wake, hakucheka.

Kesho yake alikwenda ofisi ya parokia kutaka mumewe afukuliwe na kugeuzwa. Halmashauri ikakaa. Wazee wakasema marehemu akishalala hasumbuliwi, na serikali nayo haitoi kibali kwa ajili ya kugeuza mtu. Padri Dastan akamwambia mama huyu maneno ambayo mimi naona yalikuwa mazuri.

"Mama, Mungu akiweza kumwamsha Nathanieli, ambaye mimi sikuwahi kumwamsha hata kwa mahubiri, hatashindwa kumgeuza."

"Najua Mungu atamgeuza, Baba," Mama Siwema akajibu. "Ninachouliza ni kama Nathanieli atakubali."

Wazee wakacheka tena. Yeye akangoja wamalize. "Maisha yake yote alinipa mgongo kila jioni akaenda ziwani. Sikumlaumu, kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Lakini nilikuwa nangoja siku moja tu, tutakayoamka pamoja tunatazama upande mmoja. Na siku hiyo ndiyo mmeiharibu."

Hapo hakuna aliyecheka. Akaondoka, akaacha kukanyaga makaburini, na ikasemwa kwamba hata Pasaka haji, kwani anakwenda kuimba nini.

Mzee Othmar alikonda. Kila Jumamosi alimpelekea mzigo wa kuni, akaomba msamaha. Mama Siwema hakumjibu, ila kumwacha mtu aliyeleta kuni aondoke na njaa ni aibu, kwa hiyo alimpikia. Walikuwa wanakaa hivyo, mzee anakula ugali kwa usipa, mama anatazama pembeni, neno pekee linalosemwa ni kama aongezwe. Baada ya wiki tatu kukonda kuliisha. Mama Scolastika alilalamika kwamba mumewe ananenepa kwa msamaha ambao hajapewa.

Ikafika Pasaka. Alfajiri ya siku hiyo tuna desturi ya kwenda makaburini na mishumaa, kila familia ikasimama kwenye kaburi lake, tukaimba tukitazama mlimani mpaka jua litoke. Mzee Othmar alikwenda kwanza kwa Mama Siwema. Akabisha hodi, akamwambia kwamba asipotoka ataimba hapo hapo mlangoni, beti zote. Mama akatoka.

Tukasimama. Waliowahi kuishi huku wanajua kwamba jua letu ni la kusubiri, maana mlima umekaa mbele yake. Tuliimba tukitazama giza. Tukarudia beti. Mishumaa ikaisha nusu, watoto wakaanza kukaa chini. Mama Siwema alisimama kwenye kaburi la mumewe, na kwa kuwa alitaka kusimama naye, aligeuka alikogeuzwa marehemu. Akatupa mgongo sisi sote, akatazama ziwa.

Tukamsikia akisema, bila kupaza sauti, "Kumbe huku kumeshakucha."

Tukageuka. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, vilele vya milima vilikuwa vimeshika mwanga, vyekundu kama makaa, na mwanga ukiteremka polepole kuelekea majini. Sisi bado tulikuwa kivulini mwa mlima wetu wenyewe. Jua lilikuwa limeshatoka, nasi tulikuwa tumesimama tunalisubiri. Padri Dastan aligeuka na mshumaa wake, kwaya ikageuka, na wimbo ukaendelea kutoka pale ulipofika. Mimi nimezika watu wengi katika nchi ya ugenini, na kusema kweli mengi ya mahubiri huniingilia sikio hili yakatokea lile. Asubuhi ile ndipo nilipoelewa kwa nini watu huimba makaburini.

Mama Siwema alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Mtu aliyechelewa kila misa," akasema. "Na bado atatutangulia kuona." Halafu akamwita Mzee Othmar, neno la kwanza kwake tangu maziko ambalo halikuhusu ugali.

"Langu utalichimba hivi hivi, kando yake. Na safari hii fumbua macho."

Tangu hapo wavuvi wengi wameomba walazwe kitazama-ziwa, na halmashauri ilipokaa tena, Padri aliwaachia, akisema tu kwamba siku hiyo mapadri watapata shida kujulikana. Mimi nami nilimuuliza mzee nitalazwaje nikifia huku. Akaniuliza Kasulu iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akapima kwa mpini wa jembe, akasema nitalazwa mshazari, na watakaopita watadhani aliyenizika alikuwa amelewa.

Huo ndio utani wake. Lakini mama yangu alipofariki kule nyumbani, simu ilinikuta hapa, ndani ya kaburi la mtu mwingine, na nilijua sitawahi kumzika. Mzee aliweka jembe chini. Akaniuliza mama amelazwa kuelekea wapi. Nikasema sijui. Akafikiri kidogo, akasema haidhuru, siku hiyo watu watakuwa wamesimama, nitamwona. Kisha akanituma nikapumzike, akamalizia shimo peke yake. Sijaongeza neno juu ya hayo, wala sina la kuongeza. Asubuhi huwa naamka nayo.

Mzee Othmar anarudi Ruanda kwenye kahawa ya baba yake, na Mama Scolastika, baada ya miaka yote hii, amekubali kupanda mlima, kwa sharti kwamba jembe lile libaki hapa. Limebaki kwangu.

Aliyepinga kustaafu huku ni mmoja. Mwezi uliopita Mama Siwema alifika ofisini, akasema mfanyakazi haagwi akiwa na kazi ambayo hajaimaliza. Padri akamweleza kwamba kazi hiyo nitaifanya mimi. Mama akanitazama kutoka chini mpaka juu. Akasema huyu wa Kigoma ni mtu mzuri, lakini hata kuimba hajui. Ikabidi Mzee Othmar aape mbele ya Padri kwamba siku ikifika atateremka mwenyewe, hata kwa bodaboda. Mama Siwema akaridhia nusu, akamwonya asianze kuweka akiba ya nauli, maana mwaka huu amepanda mihogo na anataka kuila.

Mzee wetu, kwa makaburi yote uliyonyoosha na kwa moja lililopinda, tunakushukuru. Nenda salama, kahawa yako izae, magoti yako yapumzike, na kila kunapokucha ukumbuke kugeuka nyuma utazame. Tunakutakia siku nyingi na njema. Kazi yako iliyobaki ni moja tu, na mwenye kazi ameniagiza niandike hapa kwamba hana haraka.