Kovu Kwanza, Ngazi Baadaye

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matairi mawili, ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, mkabala na ngazi za jengo la ghorofa tatu. Hapo dunia hutengenezwa kila asubuhi na kuharibika tena kabla ya adhuhuri. Mwenye kibanda ni Gundi, mtu wa maneno machache na vidole vyeusi. Wengine ni Injinia, ambaye uhandisi wake wote ni kufufua pasi za umeme, na Wakili, aliyefika mahakamani mara moja tu, tena kama mshitakiwa. Shangazi Birika huwauzia kahawa na kuwasuta bure. Asubuhi hiyo alikuja Nyuzi, mwana wa marehemu Mzee Solo, na gitaa, amplifaya ndogo na pedali mbili za kukanyaga: moja ya kukwaruza sauti, wapigaji wanaiita fazi, na nyingine ya mwangwi. Saa nane bendi ya baba yake ilikuwa imsikilize. Kiongozi alishasema: asipoitoa ile sauti ya Mzee Solo, kiti anapewa mwingine.

Soketi iko ndani ya kibanda, kwa hiyo Nyuzi aliingia humo na kushusha pazia, maana kupiga huku Wakili anakukodolea macho ni adhabu. Akapiga. Ikatoka sauti nzito, iliyovurugika, kama watu wanaogombana ndani ya pipa.

— Mh! Shangazi Birika aliguna. Mzee Solo hakuwahi kuniumiza meno hivyo.

— Nimetanguliza mwangwi, ikafuata fazi, Nyuzi alijibu kutoka ndani.

— Na hapo hujakosea! Injinia alidakia. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mwangwi ndio maji, fazi ndio wembe. Wewe ongeza maji tu.

— Napinga! alisema Wakili. Mwangwi ni nini? Ni sauti iliyochelewa. Na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mwangwi utolewe kabisa!

Nyuzi akautoa. Fazi peke yake ikalia kavu, kama msumeno kwenye bati.

— Wakili, umemuua mteja, alisema Shangazi.

— Kwani marehemu alikuwa na pedali? Injinia aliuliza.

— Hakuwa nayo hata moja, alisema Nyuzi. Ndiyo maana nahangaika.

— Basi siri ninayo mimi, alisema Injinia. Marehemu alifunga waya za breki za baiskeli badala ya nyuzi.

— Breki si ingesimamisha wimbo? Wakili alipinga. Siri ni tangi la maji la juu ya paa. Likijaa, gitaa linahuzunika. Likipungua, watu wanacheza.

— Ndiyo maana maji yalikuwa yakikatika kila Jumamosi! alisema Injinia.

— Ushahidi huo! Wakili alipiga paja.

Gundi hakucheka. Alikuwa ameinamia soli, akishona tundu lile lile kwa mara ya tatu. Siri ya sauti ile aliijua yeye, na kwa miaka kumi na minne ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Marehemu alikuwa rafiki yake. Utamwambiaje mke wa mtu, mwana wa mtu, bendi nzima, kwamba ile sifa ilianza na uzembe wako?

Zipu ya mfuko wa gitaa ikasikika nyuma ya pazia.

— Basi, alisema Nyuzi. Wampe huyo mwingine.

— Usifunge, mwanangu, alisema Gundi. Spika ya baba yako niliitoboa mimi.

Benchi zima likageuka.

— Nilimpelekea ndala zake juu chumbani kwake, sikumkuta. Nikaegemea spika, na sindano ya viatu iko mfuko wa nyuma. Karatasi ya spika ikachanika hivi! Nikaogopa. Nikaishona kwa uzi wa viatu, nikapaka gundi. Jioni akaiwasha, ikakwaruza. Nikasema leo urafiki umekwisha. Akapiga tena, kisha akasema, "Leo spika imepata koo." Toka siku hiyo hakupiga na nyingine.

Nyuzi alitoa kichwa paziani. Alikuwa anatabasamu, machozi yakimlengalenga.

— Baba mdogo, ule uzi mweusi niliuona kabla spika haijaoza. Nilimuuliza baba nani kashona. Akasema, "Muache, atasema mwenyewe siku moja."

Gundi aliweka soli chini. Alijifuta uso kwa kitambaa cha rangi ya viatu, akabaki na shavu jeusi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania.

— Na spika ilikuwa ikilia kutoka wapi, unakumbuka? aliuliza.

— Chumbani, ghorofa ya tatu.

— Na sisi tulisikilizia hapa chini. Sauti ilianza kuchanika kule chumbani, ndipo ikashuka ngazini ikivuma. Kovu kwanza, ngazi baadaye. Tanguliza fazi, mwanangu, mwangwi ufuate.

— Ndicho nilichokuwa nasema, alisema Injinia.

— Nyamaza, alisema Shangazi.

Pazia likashuka. Waya zikabadilishwa. Kisha gitaa likalia, lenye mikwaruzo, pana, likishuka taratibu kama mtu anayezijua ngazi zake. Shangazi Birika alisahau kuinua birika, kahawa ikafurika kikombe na kuchuruzika ubaoni. Wakili alivua kofia.

Akatokea dada mmoja, mpangaji aliyehamia ghorofa ya pili mwezi uliopita, kashika kiatu kilichokatika mkanda. Akasimama, akasikiliza mpaka akasahau kilichomleta.

— Samahani, aliuliza, huyo anayepiga ni nani?

Injinia alifungua mdomo aseme ni Mzee Solo, akaufunga. Wakili alimtazama Shangazi, Shangazi akamtazama Gundi. Gundi alipokea kiatu na kutafuta sindano.